Mama Kimya, fundi wa kufukuza matangazo anayeogopa kimya

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Kimya ameketi mbele ya kompyuta ya chumba cha simu cha hospitali. Mkono wake wa kulia uko juu ya kipanya. Anasoma jina la programu mara mbili kabla ya kubofya.

Pembeni yake, magoti yao yakikaribia kugusana, ameketi opereta wa simu wa hospitali hiyo, mwanamume wa makamo mwenye miwani myeusi na vipokea sauti masikioni. Haoni. Hajaona tangu utotoni.

Fundi anabofya. Programu moja inang'oka, ile iliyokuwa ikitangaza michezo ya karata. Anashusha pumzi.

"Yupo?" anauliza.

Opereta anabonyeza kitufe, anainamisha kichwa, anasikiliza.

"Yupo."

Anabofya tena. Sasa inatoka ile ya umbea wa mastaa.

"Yupo?"

"Yupo, dada. Endelea."

Anayeulizwa habari zake ni Shangazi. Na Shangazi si mtu, ni sauti. Ni programu inayosoma kila kilichoandikwa kwenye skrini na kukitamka masikioni mwa opereta, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kike iliyokauka kidogo. Namba za ndani za wodi, majina ya madaktari wa zamu, ujumbe wa dharura, vyote humfikia kupitia kwake. Jina alimpa opereta mwenyewe.

"Anajua kila kitu na hana breki," anasema. "Mwulize saa, atakupa na tarehe. Sasa huyo si shangazi huyo?"

Wote wawili wanacheka, lakini kicheko cha Mama Kimya kinakatika njiani. Jumatatu ya wiki hii alimnyamazisha Shangazi kwa mikono yake mwenyewe, na hakujua. Leo ni Alhamisi, na amerudi kumalizia kazi ambayo angetoa chochote asiimalizie.

Kazi ya Mama Kimya ni kusafisha kompyuta. Si vumbi, ingawa na hilo hulifuta. Anasafisha mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoiamsha mashine asubuhi na kuziongoza programu nyingine zote. Watu huinunua kwa pesa halali, wakapewa na risiti, halafu wakiwasha mashine wanakuta imejaa vitu ambavyo hawakuviomba: michezo, habari, huduma za kuhifadhi picha, maonyo ya uongo kwamba kompyuta haiko salama mpaka ulipie ulinzi, na matangazo yanayoibuka kwenye kona ya skrini kila baada ya muda.

"Ni kama umenunua nyumba," anasema. "Umelipa yote, umepewa funguo. Unaingia sebuleni unamkuta aliyekuuzia amekaa kwenye kochi lako anakuuzia mazulia. Ukimtoa, anarudi kupitia dirishani na binamu yake."

Ofisi yake ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya saluni na duka la taa. Kuna meza, viti viwili, feni inayolalamika, na rafu ya kompyuta zinazosubiri zamu. Kwa siku nzuri hupata wateja wanne au watano. Wengi hurudi baada ya miezi kadhaa, si kwa sababu kazi ilikuwa mbovu, ila mfumo umejisasisha wenyewe na kuwarudisha wageni wote waliofukuzwa.

"Nikisema kweli, wao ndio wananilisha," anasema huku akijikuna shingo. "Lakini siwapendi hata kidogo."

Hakusomea kazi hii. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ambayo ilipunguza watu, naye akapunguzwa. Akiwa nyumbani, mdogo wake ambaye ni mwalimu alikuja analia. Alikuwa akifundisha kwa kompyuta iliyounganishwa na projekta, na katikati ya somo la ramani tangazo la nguo za ndani lilijitokeza ukutani mbele ya darasa zima. Dada mtu alikaa na ile mashine siku nzima mpaka akajua uchafu unapoanzia. Mdogo mtu akawaambia walimu wenzake, na biashara ikazaliwa hapo.

Jina la Mama Kimya lilitokana na tabia yake. Akimaliza kazi hasemi kitu. Anaondoa mkono kwenye kipanya, anarudisha kiti nyuma, anakaa.

"Namwacha mteja aonje ile raha mwenyewe," anaeleza. "Dakika ya kwanza haamini. Ya pili anatabasamu. Mimi nikisema 'tayari' namharibia."

Tabia hiyo, ambayo wateja wameisifu miaka yote, ndiyo iliyokaribia kuua mtu.

Kwa anayeona, tangazo la kwenye kona ni sawa na nzi. Unalipunga, linaondoka, unaendelea na shughuli. Kwa opereta haikuwa hivyo. Shangazi hachagui cha kusoma. Kikijitokeza kwenye skrini, anakitamka, na anakitamka wakati huohuo, hata kama sikioni kuna mtu anayepiga kelele za kuomba msaada.

Mwezi uliopita baba mmoja alipiga simu akihema. Mtoto wake alikuwa amemeza betri ndogo ya saa. Opereta akaanza kutafuta namba ya wodi ya watoto, na Shangazi akaanza kumsomea. Akafika kwenye tarakimu ya tatu, akadakia: "Boresha picha zako leo! Punguzo linaisha!" Kisha akarudi kwenye namba kana kwamba hakuna lililotokea.

Opereta aliunganisha simu. Baba yule akapokelewa na mfua mashuka wa chumba cha kufulia.

Mtoto alipona, kwa kuwa mfua mashuka aliacha kazi akakimbia mwenyewe hadi wodini kutoa habari. Lakini habari zilifika kwa msimamizi wa utawala, na msimamizi alitoa neno: mashine itengenezwe kabla wiki hii haijaisha, au kiti kile atakaa mtu mwingine, mwenye macho.

"Simlaumu," anasema opereta. "Mimi mwenyewe nilifika mahali naogopa simu ikilia. Kazi yangu ni simu, halafu naogopa simu. Nilikuwa natoka hapa shati limelowa." Anarekebisha vipokea sauti. "Nina mke, nina binti yuko chuo. Nimekaa kwenye kiti hiki tangu binti hajazaliwa. Nikitoka hapa, kwa umri huu, nani ananichukua?"

Kuzima arifa zote za kona ile kusingesaidia. Wodi hutuma ujumbe wa dharura kwa njia hiyohiyo. Ungeufunga mlango wa matangazo, ungekuwa umewafungia na manesi. Ilibidi atafutwe mtu wa kuchambua mchele na mawe. Akatajwa Mama Kimya.

Jumatatu alikuja na mkoba wake na diski ya nje. Kwanza alinakili mashine yote, kama afanyavyo siku zote. Simu zikahamishiwa mapokezi kwa muda. Akaanza kung'oa.

Miongoni mwa vitu alivyovikuta ni programu inayojiita Msaidizi, iliyoletwa na usasishaji wa mwisho. Ilikuwa haiombwi ushauri lakini inautoa, na ndiyo iliyokuwa mkuu wa wapiga kelele. Akaing'oa kwa furaha. Hakujua kwamba waliotengeneza mfumo walikuwa wamezifungasha sauti zote za mashine ndani ya Msaidizi huyo. Alipotoka, alitoka na koo la Shangazi.

Kwenye skrini hakuna kilichobadilika. Orodha ya zamu ilikuwa pale, safi, bila tangazo hata moja. Mama Kimya akaitazama akaridhika. Akaondoa mkono kwenye kipanya, akarudisha kiti nyuma, akakaa.

Opereta naye alikuwa amekaa, vipokea sauti masikioni, akisikiliza. Hakusikia kitu. Akadhani fundi bado anafanya kazi, akaona si adabu kumsumbua.

Wakakaa hivyo, bega kwa bega, kila mmoja akimstahi mwenzake.

"Nilidhani anafurahia," anasema Mama Kimya. Macho yake yanajaa. "Alikuwa ametulia, mikono mapajani. Nikajisemea, huyu ameonja raha leo."

"Nami nilijisemea, huyu mama ana bidii, hata hasemi," anasema opereta.

Dada wa mapokezi alichungulia mlangoni, akawakuta wametulia hivyo, akaona kazi imekwisha. Akarudisha laini ya simu.

Simu ya kwanza ilitoka kwenye zahanati ya nje ya mji. Nesi alikuwa akizungumza haraka. Alikuwa na mama aliyejifungua, damu haikati, gari limeshaondoka naye, anamtaka daktari wa zamu wa wodi ya wazazi ajue kabla hawajafika.

"Subiri hapohapo," opereta alimwambia. Akabonyeza kitufe cha zamu. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

"Dada," alisema polepole, "umemaliza?"

"Nimemaliza zamani, kaka."

"Mbona hasemi?"

Mama Kimya anasema aliposikia maneno hayo aliigeukia skrini. Alikuwa na macho mawili mazima na skrini inayong'aa mbele yake, na kwa sekunde kadhaa hakuweza kusoma hata herufi.

"Nisomee!" opereta alipaza sauti. "Wazazi! Zamu ya leo! Nisomee wewe!"

Akasoma. Akasoma mstari wa kwanza aliouona, na mstari huo ulikuwa wa jana. Opereta akapiga. Daktari aliyepokea alikuwa nyumbani kwake, ametoka usingizini, akasema zamu si yake. Kule kwenye laini nyingine nesi alikuwa akiita, sauti ikivuja kutoka kwenye vipokea sauti, "Haloo? Haloo? Bado mpo?"

"Mstari wa pili, dada. Taratibu. Vuta pumzi, halafu unisomee namba moja moja."

Alisoma namba moja moja, kidole kikiwa kimegusa kioo kisije kikateleza. Daktari akapatikana. Gari lilipoingia getini, damu ya kuongezewa ilikuwa tayari.

Mama yule yuko hai. Mama Kimya alienda wodini jioni akamtazama kwa mbali akiwa amelala. Hakuthubutu kumsogelea. "Ningemwambia nini?" anauliza. "Kwamba mimi ndiye niliyesafisha kompyuta?"

Mchana ule kulibaki la kufanya moja tu, kuirudisha mashine ilivyokuwa kutoka kwenye ile diski. Hapo hofu ya pili ikaingia. Sauti ya Shangazi ni ya zamani. Iliwekwa na fundi mmoja ambaye siku hizi hajulikani alipo, na kampuni iliyoitengeneza haiitoi tena. Kama diski ina hitilafu, Shangazi amekwenda moja kwa moja.

"Miaka yote nanakili mashine za watu," anasema. "Sijawahi kuwa na haja ya kurudisha hata moja. Sasa nikajiuliza, hivi mle ndani mna kitu kweli?"

Laini ilirudi mapokezi. Mstari wa kijani ukawa unatambaa kwenye skrini. Mama Kimya alisimama akaketi, akaketi akasimama. Opereta alikuwa akipapasa kingo za meza yake kama anayeaga chumba.

Mashine ikazima. Ikawaka. Opereta akaweka vipokea sauti masikioni, uso ukakazana. Kisha akavitoa, akamgeuzia fundi ili naye asikie.

"Jaribu bure kwa mwezi mmoja!" Shangazi alikuwa akisema. "Bofya hapa kupata ofa yako!"

Mama Kimya akaangua kilio. Hajawahi kuchukia kitu kama matangazo, na siku hiyo alilia kwa furaha ya kusikia tangazo moja. Opereta naye alicheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Karibu nyumbani, Shangazi," akasema. "Umerudi na mizigo yako yote."

Furaha ilikuwa fupi. Shangazi amerudi, lakini na matangazo yamerudi, na neno la msimamizi liko palepale. Mama Kimya alifunga mkoba akasema yeye hagusi tena, watafute mtu mwingine. Siku mbili alikaa ofisini kwake akiwarudisha wateja. Akishika kipanya anaisikia ile sauti ya nesi: bado mpo?

Jumatano opereta alimpigia.

"Dada, mimi sitaki fundi asiyeogopa," alimwambia. "Wasioogopa ndio waliotuletea huyo Msaidizi. Njoo na woga wako. Mimi nitaleta masikio."

Ndiyo maana leo Alhamisi wanafanya kazi kwa namna hii, namna ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuitumia. Simu ziko mapokezi, na dada wa mapokezi ameambiwa asirudishe laini mpaka opereta mwenyewe afike mlangoni amwambie. Fundi anang'oa kitu kimoja. Anauliza. Opereta anasikiliza. Anajibu. Ndipo wanakwenda kwenye kingine.

"Yupo?"

"Yupo."

Katikati ya kazi opereta anakawia kujibu. Mama Kimya anamgeukia, rangi imemtoka.

"Yupo?" anauliza tena, kwa sauti ndogo.

"Yupo, yupo. Samahani. Kooni palikuwa na kikohozi."

"Kaka, utaniua."

Wanafika kwa Msaidizi. Huyu hawezi kung'olewa, wameshajua. Mama Kimya anamwacha ndani ya mashine akiwa na koo la Shangazi, ila anamfungia kila njia ya kutokea kwenye skrini, moja baada ya nyingine, akiuliza kila mara. Anapofunga ya mwisho anaondoa mkono kwenye kipanya. Hakai kimya.

"Tayari," anasema. "Nimemaliza. Kaka, umesikia? Nimesema nimemaliza."

"Nimesikia."

Kabla ya saa sita, opereta akiwa ameshamwambia dada wa mapokezi arudishe laini, msimamizi wa utawala anaingia. Ni mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Anaomba vipokea sauti vya pili vichomekwe kwenye mashine, anavivaa, anasimama pale huku opereta akipokea simu moja, mbili, kadhaa. Anavivua, anavirudisha mezani kwa uangalifu.

"Sawa," anasema. "Utaendelea. Lakini ikitokea tena mimi sitakuwa na la kukusaidia."

Opereta anashukuru. Mlango ukishafungwa, anatafuta mkono wa Mama Kimya hewani, anaupata, anaubana. Fundi hatabasamu. Anajua kitu ambacho msimamizi hakijui: mfumo utajisasisha tena. Ameahirisha usasishaji kwa muda mrefu kadiri mashine ilivyomruhusu, lakini kuuzuia kabisa hawezi. Siku utakayoingia, unaweza kumfungulia Msaidizi njia zote. Au unaweza kumwondoa Shangazi na kumleta mwingine asiyejua Kiswahili.

"Wateja wangu wananiita Mama Kimya kwa kunipenda," anasema akitembea kuelekea getini. "Zamani nikilisikia hilo jina naringa. Sasa mashine ikinyamaza, siwezi kujua imetulia au imekufa. Zote zinanyamaza vilevile."

Ana mipango. Anataka kumtafuta yule fundi wa zamani aliyeiweka sauti, ajue kama anayo nakala nyingine mahali popote. Anataka pia kujifunza kutumia kompyuta skrini ikiwa imezimwa, kwa kusikiliza tu, na opereta amekubali kumfundisha Jumamosi baada ya zamu. Akishajua, anasema, hakuna mashine ya mtu asiyeona itakayotoka mikononi mwake bila yeye kuijaribu gizani kwanza.

Na wamewekeana utaratibu mmoja. Kila asubuhi, opereta akishawasha mashine, atampigia.

Ijumaa, Mama Kimya amefika ofisini mapema. Mteja amesimama mlangoni na kompyuta yake kwapani. Anaombwa asubiri nje kidogo. Simu iko mezani. Opereta alitakiwa awe ameshafika kazini. Mama Kimya anaiinua simu, anaangalia kama ina chaji, anairudisha. Anafuta meza iliyokwisha kufutwa. Huko saluni mtu anacheka kwa nguvu, naye anaruka.

Simu inaita. Anaipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha, anaweka spika.

Hakuna salamu. Opereta ameshikilia kipokea sauti chake karibu na simu, na anayesikika ni Shangazi.

"Ijumaa. Madaktari wa zamu. Wodi ya wazazi..."

Mama Kimya amefumba macho. Shangazi anasoma majina, anasoma namba moja moja, anashuka wodi hadi wodi bila haraka. Anafika mwisho wa orodha. Ananyamaza.

Hapo ndipo matangazo hupenda kuingilia. Mama Kimya hapumui. Mteja mlangoni anataka kusema kitu, anainuliwa kidole.

"Hakuna ujumbe mpya," anasema Shangazi.

"Haya, Shangazi," Mama Kimya anamjibu. "Na kesho unipigie tena."